Shoyu kati ya mashamba ya mahindi: kisa cha Kikkoman huko Wisconsin

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa Walworth, mji mdogo wa kusini mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, walipata habari kwamba kampuni ya Kijapani inatafuta ardhi kwao ili ijenge kiwanda. Hawakufurahi. Ile ilikuwa ardhi ya rutuba, ya mahindi, soya na ng'ombe wa maziwa, na neno kiwanda liliwaletea picha ya moshi, maji machafu na mashamba kumegwa moja baada ya jingine. Kizazi kilichopigana vita na Japani kilikuwa bado kinalima. Wageni nao walikuwa wamekuja na bidhaa ambayo Mmarekani wa kawaida wa wakati ule aliikuta mezani pale tu alipokwenda kula kwa Mchina: sosi ya soya, ambayo Wajapani huiita shoyu.

Kampuni hiyo ni Kikkoman, ya mji wa Noda. Kisa chake husimuliwa sana kama kisa cha matangazo mazuri na chupa nzuri. Matangazo yalikuwepo na chupa ni nzuri kweli, lakini mimi naona kiini kiko kwingine. Familia kadhaa zilizokuwa zimetengeneza kiungo kimoja kwa karibu miaka mia tatu zililazimika kuamua ni kipi katika kazi yao hakiguswi, na kipi kinaweza kuachwa Japani. Uamuzi wa Walworth ulikuwa jibu lao.

Noda na koo nane

Noda uko mkoa wa Chiba, kaskazini mwa Tokyo ya leo, kati ya mto Edo na mto Tone. Mito ndiyo iliyoufanya uwe mji wa shoyu. Soya na ngano zilitoka kwenye uwanda wa Kanto, chumvi ilipanda kwa mashua, na shoyu iliyokwisha kuiva iliteremka kwa mto hadi Edo, ndiyo Tokyo ya leo, makao ya watawala wa kijeshi (mashogun) wa ukoo wa Tokugawa, ambao katika karne ya 18 ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Ukoo wa Takanashi ulianza kutengeneza shoyu hapo mwaka 1661. Ukoo wa Mogi ulianza na miso (rojo ya soya iliyochachushwa), kisha nao ukaingia kwenye shoyu. Simulizi ya ukoo husema kwamba bibi yao wa mwanzo, Shige Maki, alikimbia na mwanawe kasri la Osaka lilipoanguka mwaka 1615, akafika maeneo haya bila kitu.

Kwa zaidi ya karne mbili walikuwa majirani, wakwe na washindani kwa wakati mmoja. Mwaka 1917 wakaacha kupunguziana bei: matawi ya Mogi, Takanashi, pamoja na ukoo wa Horikiri wa Nagareyama uliokuwa ukitengeneza mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia), jumla familia nane, wakaunganisha mali zao na kuunda kampuni moja, Noda Shoyu. Jina la Kikkoman lilikuwa chapa ya tawi mojawapo la Mogi. Baadaye ndilo lililobeba kampuni nzima.

Hapa pana jambo ambalo mtu yeyote mwenye biashara ya familia anapaswa kulitazama kwa makini. Familia hizo nane ziliwekeana kanuni: kila familia, katika kila kizazi, inaweza kuingiza mtoto mmoja tu katika kampuni, na hata huyo mmoja haahidiwi cheo. Anaanzia chini na kupimwa kama wengine. Waliojua jinsi mali ya babu inavyoliwa na wajukuu hawahitaji kuelezwa kwa nini kanuni hii ina nguvu. Kampuni haikugeuka ghala la kuajiri binamu, na kila familia ililazimika kumchagua yule anayefaa kweli, kwa kuwa nafasi yao ilikuwa ni hiyo hiyo moja.

Kanuni hiyo lakini haikuwakinga na kila kitu. Kati ya Septemba 1927 na Aprili 1928 wafanyakazi wa Noda waligoma kwa siku 218, mgomo mrefu kuliko wote Japani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ulifika mahali mtu mmoja wa chama cha wafanyakazi akajaribu kumfikishia mfalme malalamiko yao ana kwa ana barabarani. Wafanyakazi walishindwa, lakini wenye kampuni walikuwa wameaibika mbele ya taifa zima. Ukisoma jinsi walivyoingia Walworth miaka arobaini na mitano baadaye, kwa unyenyekevu na kwa kusikiliza kwanza, ni vigumu kuamini kwamba Noda ya 1928 ilikuwa imesahauliwa.

Kile kisichoguswa

Shoyu ina vitu vinne: soya, ngano, chumvi na maji. Soya hupikwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupondwa, kisha huchanganywa na mbegu za ukungu uitwao koji na kuachwa katika chumba chenye joto na unyevu kwa muda wa siku tatu. Anayejua jinsi ulezi unavyooteshwa kuwa kimea kabla ya pombe ataelewa haraka kazi ya koji: ni kuifungua nafaka, ili protini ziwe asidi za amino zenye utamu wa nyama, na wanga uwe sukari. Baada ya hapo mchanganyiko hutiwa kwenye maji ya chumvi na kuwa uji mzito, moromi, ambao huchacha kwa miezi. Bakteria huleta ukali kidogo, hamira huleta harufu. Mwishoni uji hukamuliwa kwa vitambaa, na maji yake hupashwa moto ili yatulie.

Ipo njia nyingine. Unachukua makapi ya soya yaliyokwisha kukamuliwa mafuta, unayachemsha na asidi ya haidrokloriki, unaiondolea asidi ukali wake, unatia rangi ya sukari iliyounguzwa na sharubati ya mahindi, na ndani ya siku chache una kioevu cheusi chenye chumvi. Hicho ndicho Wamarekani wengi walichokijua kama sosi ya soya, na hadi leo kinauzwa kwa wingi duniani.

Baada ya vita, njia hiyo ilikaribia kuimeza shoyu ndani ya Japani yenyewe. Nchi ilikuwa na njaa, soya ilikuja kama msaada kutoka Marekani, na utawala wa kijeshi wa Marekani uliokuwa ukigawa shehena hizo haukuona sababu ya kuwapa watu wanaozika soya kwenye mapipa kwa mwaka mzima, ilhali viwanda vya kemikali vingeimaliza kazi kwa wiki na kupata kiasi kikubwa zaidi kutoka gunia lile lile. Jibu la Noda lilikuwa la kiufundi. Mwaka 1948 walikuja na njia ya katikati: asidi dhaifu ianze kazi, kisha koji na uchachushaji vimalizie. Mavuno yalipanda, ladha ikabaki ya kuchachushwa kwa kiasi cha kuridhisha, na mgao wa soya ukaokolewa. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko uvumbuzi wenyewe: hataza ya njia hiyo wakaifungua kwa washindani wao wote, bila kulipisha. Hali ilipotengemaa, kampuni ikarudi kwenye uchachushaji kamili.

Nimekaa hapa kwa sababu bila mwaka 1948 huwezi kuuelewa mwaka 1973, kiwanda cha Walworth kilipofunguliwa. Watu hawa walikuwa wamekwisha kujua, kwa kubanwa ukutani, kwamba ukungu na muda ndivyo roho ya kazi yao. Vifaa, majengo na hata mahali vilikuwa vitu vya kujadiliwa.

Nyama kwanza

Kabla ya vita, shoyu ya Noda ilikuwa ikivuka bahari ya Pasifiki kuwafuata Wajapani waliohamia Hawaii na California. Hilo ni soko la mtu kumuuzia ndugu yake aliye mbali, na lina kikomo. Kilichobadilika baada ya 1945 ni kwamba maelfu ya Wamarekani, askari, maofisa, walimu na waandishi wa habari, waliishi Japani na kuanza kuinyunyiza shoyu kwenye vyakula vyao wenyewe: nyama ya kuchoma, kuku, hata hambaga. Waliporudi kwao walibaki na hamu hiyo.

Kampuni ililiona hilo. Mwaka 1957 ilifungua ofisi ya mauzo San Francisco. Wakati huo ulaji wa shoyu ndani ya Japani ulikuwa umeacha kukua, kwa sababu kila nyumba ilikuwa tayari inaitumia na vyakula vya kigeni vilianza kuingia mezani. Nje ndiko kulikobaki njia.

Walichofanya madukani kilikuwa rahisi kwa macho na kigumu kwa utekelezaji. Hawakuwaambia akina mama wa Marekani wapike chakula cha Kijapani. Walichukua vipande vya nyama, wakavilaza katika shoyu, wakavichoma pale pale dukani, na kuwapa wapita njia waonje. Harufu ya shoyu ikiungua juu ya nyama ilifanya kazi ambayo maneno yasingeweza. Waliajiri wataalamu wa mapishi wa Kimarekani watunge mapishi ya Kimarekani, wakayachapa magazetini na kuyafunga kwenye chupa. Mwaka 1961 walianza kuuza Marekani sosi ya teriyaki iliyo tayari, iliyolengwa majiko ya mkaa ya uani.

Mwaka huo huo wa 1961 ilitoka ile chupa ndogo yenye kifuniko chekundu, kazi ya msanifu Kenji Ekuan. Kabla yake familia za Japani zilinunua shoyu kwenye chupa kubwa ya lita 1.8 na kuimimina katika kichupa cha mezani, na ilichuruzika. Ekuan, aliyempoteza baba na dada yake kwa bomu la atomiki la Hiroshima, alisema kwamba kuona mji ukiwa majivu ndiko kulikomsukuma kwenye usanifu, kwa kutamani kuona vitu vilivyotengenezwa na binadamu vikiwepo tena. Chupa yake ina mdomo uliokatwa kwa namna ambayo tone la mwisho hurudi ndani. Haijabadilika hadi leo.

Soya inayovuka bahari mara mbili

Aliyeshikilia wazo la kiwanda alikuwa Yuzaburo Mogi, aliyezaliwa mwaka 1935, mtoto wa mojawapo ya zile familia nane. Aliingia kampuni mwaka 1958, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kuhitimu shahada ya uzamili ya biashara mwaka 1961, miongoni mwa Wajapani wa mwanzo kabisa kufanya hivyo. Akiwa huko masomoni alisimama pia kwenye maonyesho na madukani akigawa vionjo. Aliwaona wateja uso kwa uso kabla hajawaona kwenye jedwali la mauzo.

Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Soya ilivunwa Marekani ya kati. Ilisafirishwa hadi Japani, ikageuzwa shoyu, kisha ikapakiwa tena melini, nzito kwa maji na chumvi, ikarudi kuuzwa Marekani. Nauli ililipwa mara mbili. Sisi tunaouza kahawa mbichi na kuinunua tena ikiwa kwenye kopo tunaijua safari hiyo vizuri, ingawa kwetu mzigo wa hasara uko upande wa pili.

Kwanza walijaribu hatua nusu: kupeleka shoyu kwa wingi na kuijaza chupani California. Ilipunguza gharama kidogo tu. Pendekezo la kiwanda kamili lilisumbua bodi kwa muda, na kwa sababu nzuri. Kiwanda cha shoyu hula fedha nyingi kabla ya kutoa chupa ya kwanza, kwa kuwa bidhaa lazima ikae miezi ikichacha huku mishahara ikilipwa. Uwekezaji uliohitajika ulizidi mtaji wote wa hisa wa kampuni. Na hakukuwa na mfano wa kuiga. Kampuni za chakula za Japani zilikuwa hazijajenga kitu cha namna hiyo Marekani. Kosa moja lingeweza kuzizamisha familia zote nane kwa pamoja.

Uamuzi ulipitishwa, na mazingira yakaja kuuunga mkono kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Agosti 1971 Rais Nixon alivunja uhusiano wa dola na dhahabu, na yeni, iliyokuwa 360 kwa dola tangu 1949, ikafika 308 mwezi Desemba, kisha ikaachwa ielee mwaka 1973. Kila chupa iliyotoka Japani ikawa ghali zaidi kwa Mmarekani. Kiwanda cha Walworth kilifunguliwa Juni 1973. Mwishoni mwa mwezi huo huo serikali ya Nixon ikazuia kuuza soya nje, na Japani, iliyotegemea Marekani kwa sehemu kubwa sana ya soya yake, ikaingiwa na hofu. Wale waliokuwa na mapipa yao Wisconsin walikuwa tayari upande wa ndani wa uzio.

Tusifanye bahati kuwa busara. Hakuna aliyeijua Juni 1973 mwaka 1971. Ila hesabu ya awali ilikuwa sahihi hata bila mishtuko hiyo, na kwangu hicho ndicho kipimo cha uamuzi mzuri.

Kwa nini Wisconsin, na si California walikokuwa wateja wengi? Walitafuta mahali pa katikati ya nchi, karibu na soya na ngano, karibu na reli na barabara za Chicago na Milwaukee, penye maji safi na watu wenye sifa ya kazi. Maji na hewa si mambo ya kupamba maelezo: koji ni kiumbe hai, na hewa chafu humharibu.

Wakulima walipokataa, Mogi na wenzake walikwenda mkutano baada ya mkutano. Walieleza kwamba hiki ni kiwanda cha mazao ya shambani, kitanunua ngano na soya, na hakitoi moshi wa sumu. Walikunywa chai na watu, wakajibu maswali yale yale mara nyingi. Mwishowe wenye mamlaka ya ardhi wakaridhia. Sehemu kubwa ya ardhi iliyonunuliwa iliendelea kulimwa. Wafanyakazi waliajiriwa pale pale, na vifaa vikanunuliwa kwa wauzaji wa jirani kila ilipowezekana. Wajapani wachache waliotumwa kutoka Noda waliambiwa wasipange nyumba mtaa mmoja. Watawanyike, kila mmoja awe na majirani Wamarekani, watoto wao wasome na watoto wa wakulima. Agizo hili dogo linanigusa kuliko takwimu zozote za mauzo. Mgeni akijifungia na wenzake hubaki mgeni hata akikaa miaka ishirini.

Kilichotoka Noda na kufika Walworth bila kubadilishwa ni koji na utaratibu wa kuchachusha kwa miezi. Mengine yalikuwa ya Kimarekani: chuma, ngano, maji, mikono.

Gharama ya ushindi

Leo Kikkoman huuza katika nchi zaidi ya 100, ina viwanda Uholanzi, Singapore na kwingineko, cha pili cha Marekani kilifunguliwa Folsom, California, mwaka 1998, na zaidi ya nusu ya mapato yake hutoka nje ya Japani. Mwaka 2004, Yuzaburo Mogi alipopanda kuwa mwenyekiti, urais wa kampuni ulikwenda kwa mara ya kwanza kwa mtu asiye wa familia zile. Mwaka 2013 ukarudi kwa Horikiri. Kanuni ya mtoto mmoja ilikuwa imezaa mazoea ya kutazama uwezo.

Lakini uchambuzi ukiishia hapo utakuwa umesahau nusu ya mambo. Sheria za viwango za Japani hutambua aina tano za shoyu. Ile nyeusi ya kawaida, koikuchi, ndiyo ya Noda. Ipo usukuchi ya Kansai, eneo la Osaka na Kyoto, nyepesi kwa rangi na yenye chumvi zaidi. Tamari ya mikoa ya kati, nzito na karibu bila ngano. Saishikomi, inayochachushwa mara mbili. Na shiro, ya rangi ya asali, karibu yote ngano. Dunia ilipoijua shoyu kupitia kampuni moja, ilijua aina moja. Mtu wa Nairobi au London anayedhani ameonja shoyu ya Japani ameonja shoyu ya Noda.

Na kuna miti. Zamani shoyu yote ilichachia kwenye mapipa makubwa ya mbao za sugi (mwerezi wa Kijapani), yaitwayo kioke, yenye kimo kinachozidi mtu na umri wa miaka mia na zaidi. Katika vinyweleo vya mbao hukaa bakteria na hamira wa nyumba ile, na kila kiwanda kilikuwa na ladha yake kwa sababu hiyo. Tangi la chuma huoshwa likawa safi. Ni salama, ni haraka, na hufanana Noda, Walworth na Hoogezand, kilipo kiwanda cha Uholanzi. Leo shoyu iliyochachia kwenye kioke haifiki hata sehemu moja katika mia ya shoyu yote ya Japani.

Katika kisiwa cha Shodoshima, Yasuo Yamamoto, wa kizazi cha tano cha kiwanda kidogo cha familia kiitwacho Yamaroku, alitambua kwamba mafundi wa mapipa makubwa walikuwa wamebaki karakana moja tu huko Sakai, Osaka, na walikuwa wanazeeka. Mapipa ya babu yake yangekuja kuchoka akiwa yeye hayupo, na wajukuu wake wasingekuwa na wa kuwaita. Mwaka 2012 akaenda na maseremala wawili wa kisiwani kujifunza kwa mafundi hao, na tangu hapo kila Januari hutengeneza mapipa mapya Shodoshima. Watengenezaji wa shoyu, miso na sake kutoka sehemu nyingine, washindani wake kwa haki kabisa, huja kufunga pete za mianzi pamoja naye na kurudi makwao na ujuzi.

Sioni sababu ya kuwapambanisha Yamamoto na akina Mogi. Bila Walworth, watu wa mbali wasingekuwa na ulimi wa kutambua shoyu iliyochachushwa, na Yamaroku isingempata mnunuzi wa ng'ambo anayekubali kulipa bei ya pipa la mbao. Ila mwenye kiungo cha asili anayetaka kukipeleka duniani, awe wa Noda au wa pwani yetu, ataulizwa swali lile lile waliloulizwa wale wa familia nane. Wao walijibu kwamba ukungu na muda vinatosha. Yamamoto anasema mbao nazo ni sehemu ya ukungu huo. Jibu la Noda limekwisha kupimwa na soko kwa nusu karne. La Shodoshima ndiyo kwanza liko ndani ya mapipa mapya, na pipa la sugi huhitaji miaka mingi kabla bakteria hawajaizoea mbao yake.